Kuku Mmoja kwa Gari la Agustino

Mume wangu Agustino,

Kamwene. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alichungulia begani kwangu, akaona nilivyoanza, akasema barua ya mjukuu haianzi hivyo. Nikamwambia, mwalimu, wewe fundisha herufi, mambo ya nyumba yangu niachie. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume wa maneno, kila mtu anajua, na wewe ndiye mume uliyenisumbua kuliko hata yule aliyenitolea ng'ombe. Nitakuita ninavyokuita.

Mwandiko ni wangu. Mbaya, lakini wangu. Ni wewe uliyenifukuza niende darasani, ukisema huwezi kuwa na mke anayeweka dole gumba kila penye karatasi. Nilikuwa nakutukana njia nzima. Sasa najua kuandika, na wa kumwandikia hayupo. Hiyo ni dharau, Agustino.

Nimekukasirikia. Nalisema mapema lisije likanikaba. Nilikulea tangu baba yako alipokufa na mama yako akaolewa Njombe. Nilikubeba mgongoni wakati mgongo wenyewe ulishachoka. Mpango ulikuwa wewe unizike mimi, tulishaongea mpaka blanketi gani. Halafu ni mimi niliyekaa chini kwenye jamvi nikipewa pole.

Ipogolo ipo tu. Mvua imenyesha vizuri, ulanzi umeanza kutiririka kwenye mianzi, wanaokunywa wanakunywa. Redio za watu ulizoacha nimezirudisha zote, nyingine matumbo nje. Mzee mmoja wa Idodi alikuja kuchukua yake, akaitingisha, akasema afadhali ingeimba hata kidogo. Nikamwambia fundi wake naye haimbi. Akaondoka. Kisha nikamkimbilia njiani nikamrudisha ale ugali kwanza, maana Idodi ni mbali na yeye hakuua mtu.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya redio. Nimekuandikia kwa ajili ya gari.

Watu wamelisimulia vibaya, kwa hiyo nalisema lilivyokuwa. Uliporudi kutoka Mbeya, ulikokwenda kujifunza ufundi wa redio, ulirudi na visanduku. Wewe na yule rafiki yako Mnyakyusa, Ambakisye, mlipewa na mzungu mmoja wa kupima barabara aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa na ndege mbili za kuchezea, zote zimeanguka zikavunjika, vikabaki vyombo vya kuziongozea. Mkagawana: kila mmoja kisanduku cha kushika mkononi na kidude cha kufungwa ndani ya chombo. Ulinieleza kwa namna ya kunieleza mimi. Hiki cha mkononi ni mdomo, kile cha ndani ni sikio. Mdomo ukisema kata kushoto, sikio linasikia, gurudumu linakata. Katikati hakuna waya. Nikasema huo ni uchawi. Ukasema, "Bibi, redio inakusomea habari kila jioni kutoka Dar es Salaam, umewahi kuona waya?" Sikuwahi.

Gari lenyewe, dogo la kupakatwa, ukalijenga jikoni kwangu. Fremu ya vyuma vya kitanda changu kibovu. Bodi ya debe la mafuta ya kula, ukaligonga na jiwe kwenye kizingiti mpaka majirani wakaja kuuliza kama tunaezeka. Springi za utepe wa saa mbovu. Mota ya wipa ya Landrova, uliyotoa meno yake ya ndani ukaweka ya cherehani ili ikimbie. Magurudumu ya tairi la gari, umeyachonga kwa kisu cha moto, nyumba ikanuka mpira hata uji ukawa na ladha ya mpira. Eriali ilikuwa spoku ya baiskeli. Betri ya pikipiki iliyomwaga maji yake kwenye kitenge changu kizuri na kukitoboa. Kitenge kile nimekivaa msibani, na tundu lake.

Nakumbuka zaidi jioni. Ulikuwa unalirusha kwenye mashimo ya matofali na kulipandisha mawe, likirudi huwezi kujua ni gari au ni bonge la udongo. Hukuingia kula mpaka ulisafishe. Udongo mkubwa kwa kijiti kwanza, kisha maji kidogo, kisha kitambaa, mwisho mafuta yangu ya nyonyo kwenye vyuma vinavyozunguka. Sikio ulilivalisha mpira wa ndani wa baiskeli, umelifunga pande zote kama kitumbua kwenye jani, lisinywe maji. Halafu unapita kila skrubu kwa kidole. "Mchanga ukiingia kwenye meno, Bibi, hii gari basi tena." Na mimi nasema, ungekuwa unaosha masikio yako hivyo ungeshaoa. Ukanijibu mke unaye, na ana kelele.

Midomo yenu, wako na wa Ambakisye, ilikuwa na sauti moja. Hilo nililielewa kwa sababu mliligombania sana. Akija hapa mkiwasha yote miwili, magari yanachanganyikiwa, hili linasikia la yule. Kwa hiyo mlishindana kwa zamu, mmoja anapita na mwingine amezima, mimi nimekaa kwenye kinu naamua nani kapita vizuri. Niliamua kwa haki. Mara nyingi ulishindwa wewe, gari lako lilikuwa linaanguka chali kwenye ukingo. Ndiyo maana ulikuwa unajiandaa vile. Ambakisye alikuwa aje.

Siku ile nilikuwa napepeta mahindi. Nilikuona umesimama upande wetu wa lami, mdomo mkononi, unacheka peke yako. Nikainama kwenye ungo. Nikasikia breki za lori.

Dereva hakukimbia. Alivua shati lake akakufunika, akakaa kwenye majani kando ya barabara na fulana tu, mikono kichwani. Sikumuuliza kitu. Alikuwa mtoto wa mtu.

Kisanduku chako kilikuwa vipande. Wakasema, na wote wakashika hilo hilo: gari liliharibika katikati ya barabara, Agustino akaingia kuliokota, lori likamkuta. Baba yako mkubwa Lazaro alilisema kaburini, wanawake walilisema wakichota maji, na wakaongeza kwamba kitu kinachotembea bila mtu ndani lazima siku moja kidai mtu. Mimi nikaamini. Sikuamini hilo la kudai. Niliamini uliingia barabarani kuokota debe la mafuta.

Sasa nikuambie alichofanya mtani wetu.

Unamjua Anastazia, yule Mngoni anayeuza ulanzi karibu na daraja. Alikuja msibani kama watani wanavyokuja, amevaa gauni kinyumenyume na sufuria kichwani. Watu wamejaa, wanalia, yeye anauliza kwa sauti kubwa: "Wahehe, leo mmekosa hamu ya kula kweli? Basi mbwa wote wa Ipogolo wamepona." Nilicheka, Agustino. Nililia na kucheka kwa pua hiyo hiyo. Nikamwambia akae kimya, babu zake walipotuona sisi walikuwa wanasahau hata viatu. Akasema hawakuwa na viatu. Hivyo ndivyo anavyojua kumshika mtu asianguke.

Kisha akalitoa gari. Yeye ndiye aliyekuja nalo siku ya ajali, akaliacha kwenye kona ya jikoni. Akajiwekea bati la kopo mikononi kama kisanduku chako, akatembea kama unavyotembea wewe, shingo mbele, macho hayaangalii chini, anapiga watu vikumbo, anasema, "Bibi, toka njiani, gari inapita." Sauti yako kabisa. Halafu akasimama mbele yangu akasema: "Lakini gari lina akili kumshinda mwenyewe. Lenyewe limevuka. Mwenyewe amelala njiani."

Hapo nikaona giza. Nilinyanyuka nikashika mchi. Sikutaka kumpiga Anastazia, nilitaka kulisaga lile gari liwe unga. Ningelisaga. Nilikuwa nimeshainua. Anastazia akalinyakua chini ya mchi, akalikumbatia kifuani, akasema, "Nimelikamata. La kwangu. Anayelitaka atalikomboa." Akakimbia nalo hadi kwake.

Unajua utani ulivyo. Kitu alichokamata mtani msibani hakirudishwi kwa nguvu, na hakuna wa kumkasirikia. Lazaro akasema basi, litakaa huko mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo litakombolewa, litachomwa moto pamoja na nguo zako zilizochakaa, na habari za visanduku zitaishia hapo. Ukoo mzima ukaitika. Na mimi niliitika.

Niliitika, Agustino. Nilikuwa nataka kuliona likiungua.

Siku hiyo ilipokaribia, Lazaro akaniambia, "Mama, wewe ndiye unayemuweza yule Mngoni. Kalikomboe." Nikamkamata yule kuku wangu mwekundu, ambaye ulikuwa unamwita shemeji, nikaenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa.

Anastazia hakunitukana. Alipokea kuku, akamfunga miguu, akaniwekea kigoda. Akasema, "Mama Lazaro, nimesikia mnakwenda kulichoma." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa kosa gani?" Nikamwambia anajua, lilizimika barabarani, mtoto akalifuata. Akasema, "Nilikwambia mbele ya watu wote lilivuka. Nililiokota ng'ambo, kwenye bustani za nyanya, karibu na maji. Lilikuwa limesimama wima kwenye tope, bado linanguruma, magurudumu yanazunguka. Mimi ndiye niliyechomoa waya."

Nikamwambia ule ulikuwa utani. Akasema, "Sikuwa na nafasi nyingine ya kusema. Nikija msibani kwenu, nani anasikiliza Mngoni akisema kweli?"

Nililichukua nikaja nalo nyumbani, nimelipakata. Watu wakanipisha njia.

Nikakaa mlangoni, jua likiwa bado lipo, nikachukua kijiti. Nilisema moyoni, hata la kuchomwa lichomwe likiwa safi. Udongo ulikuwa umekauka juu yake tangu siku ile, hakuna aliyeligusa. Upande wetu wa barabara udongo ni mwekundu, huo ndio uliokuwa ndani, karibu na vyuma. Juu yake, kwenye magurudumu yote manne na chini ya tumbo, ulikuwa udongo mweusi. Mweusi wa bustani, ule wa ukingo wa Ruaha Mdogo, na jani la nyanya limesokotwa kwenye ekseli. Nikalitoa lile jani. Bodi haikuwa na hata mkwaruzo mpya. Nikapitisha kidole kwenye skrubu kama ulivyokuwa ukifanya. Hakuna iliyolegea.

Basi nikaelewa. Ulishanieleza mwenyewe: gari likienda mbali sana, sauti ya mdomo inapungua, na sikio likikosa sauti hujui litafanya nini, kwa hiyo unalisogelea. Lilikwenda mbali. Lilishuka, likapita maji, likapanda ukingo kama ule uliokuwa unalishinda siku zote, likasimama juu bila kuanguka chali. Ndicho ulichokuwa unachekea. Na wewe ukalisogelea, mdomo mkononi, macho ng'ambo, kama anavyokuiga Anastazia.

Sasa sikiliza nitakachosema, maana sijamwambia mtu mwingine kwa maneno haya. Ningeambiwa liliharibika, ningekuwa na kitu cha kuchukia. Ningechukia waya, ningechukia skrubu. Halikuharibika. Ulilitengeneza vizuri mno. Lingekuwa bovu lingezimika hapa hapa kwenye mashimo ya matofali, ungelala kifudifudi unalichokonoa, ningekuita ule ungesema nakuja, na usingekuja, na ungekuwa hai. Umekufa kwa sababu gari lako lilikuwa zima. Hilo nimelimeza na bado halijashuka.

Nililiosha. Maji kidogo, kitambaa, mafuta ya nyonyo. Mkono wangu ulijua wenyewe.

Siku ya kumaliza matanga, kuni zilikuwa zimepangwa uani. Ambakisye alifika na basi kutoka Mbeya, amekonda, amebeba begi la turubai. Akanipigia shikamoo amepiga magoti mpaka nikamwambia inuka, magoti hayatamfufua mtu. Lazaro akaja kuchukua gari. Nikalishika. Nikamwambia, "Halichomwi."

Akasema, "Mama, ukoo umeshaamua. Gari hili limemuua mtoto."

Nikamwambia, "Lori ndilo lililomuua. Nenda kalichome lori."

Nikawaambia habari ya udongo mweusi. Nikawaonyesha lile jani la nyanya, nilikuwa nimelifunga kwenye ncha ya kitenge. Nikamwita Anastazia aseme, na safari hii aseme na gauni lake limevaliwa sawasawa. Akasema. Mjomba mmoja wa kule Ruaha Mbuyuni akauliza, sasa hilo linabadilisha nini, amekufa amekufa. Nikamwambia halibadilishi kitu. Ila sitachoma kitu cha mjukuu wangu kwa kosa ambalo hakikufanya. Na sitaki watoto wenu wakue wakisema Agustino alikufa akiokota gari bovu. Fundi wa magari mabovu hakuwa yeye.

Lazaro alikuwa ameshika kibiriti. Ni mkaidi, nilimzaa mwenyewe, najua. Akasema, "Hata hivyo ni debe tu sasa. Mdomo wake umevunjika. Halitasikia mtu tena."

Ndipo Ambakisye akafungua begi lake. Alikuwa amekuja na kisanduku chake. Akaniangalia mimi, si Lazaro, akasema, "Bibi, sauti ni moja." Akaliweka gari chini, akalitia betri aliyokuja nayo, akaunganisha waya, akavuta eriali ya kisanduku, akabonyeza.

Gari likaamka.

Wanawake wengine walikimbilia nyuma ya jiko. Shangazi yako alianguka kwenye jamvi. Mimi sikukimbia. Niliusikia ule mlio, Agustino, ule wa meno ya cherehani, nilioutukana jioni zote zile. Lilikata kushoto, likakata kulia, likapita katikati ya watu likielekea kwenye kuni. Likapanda gogo la kwanza, la pili likalishinda, likaanguka chali. Kama kawaida yake mbele ya watu. Magurudumu yanazunguka hewani, hakuna anayesogea.

Baba yako mkubwa akatia kibiriti mfukoni. Akainama, akaliinua, akaligeuza, akaliweka chini taratibu kwa mikono miwili. Akafuta mafuta mikononi kwa suruali yake ya kanisani. Akatoka akaenda nyuma ya zizi, na alipokaa huko sikumfuata, mtu mzima anahitaji mahali pake.

Tulichoma nguo peke yake.

Usidhani nimepoa. Usiku wa msibani ulikwisha, watu wakaenda kwao, na jikoni pako bado ni jikoni pako. Napika sufuria kubwa kwa kusahau, kisha nampelekea Anastazia, ananiambia Wahehe wanajua kupika tangu lini. Kuku wangu hajamchinja. Anasema bado anasubiri niseme asante, na mimi nasema atasubiri mpaka Wangoni waote mikia. Tunaelewana.

Ambakisye alitaka kuniachia kisanduku chake. Nikakataa, na lake litasikia nini? Tumepatana hivi. Wakati wa kiangazi, barabara za vumbi zikikauka, nitapanda basi kwenda Mbeya na gari lako nimelipakata. Atapitisha lake, atazima. Kisha mdomo huo huo atauelekeza kwako, apitishe lako njia ile ile, mawe yale yale. Nitakaa nitaamua. Nitaamua kwa haki, usitegemee upendeleo kwa kuwa umekufa. Lako likianguka chali nitasema limeanguka.

Mpaka hapo nalitunza. Kila baada ya mvua nalifungua, nakausha, natia mafuta, napitisha kidole kwenye skrubu. Betri nimeitoa. Lipo kwenye sanduku la nguo zangu, limefunikwa na kile kitenge chenye tundu. Siku yangu ikifika Lazaro anajua blanketi, na Ambakisye anajua gari.

Lala, mume wangu. Sitakuita ule, sitakuita uoge. Nakuahidi jambo moja tu, nalo nitalishika mpaka miguu ikatae. Siku ya kwenda Mbeya, basi linasimama ng'ambo, upande wa bustani za nyanya. Nitafika ukingo wa lami na gari lako mikononi. Nitasimama. Nitaangalia huku, nitaangalia huku, nitangoja mpaka malori yote yapite, hata kama basi litaniacha. Ndipo nitavuka nalo, pole pole, tufike wote.

Mkeo,
bibi yako wa Ipogolo